Tume ya Miche Isimame kwa Fedha za Wenye Vitalu

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa ushirika, maafisa ugani, nanyi wenye vitalu mlioacha kumwagilia asubuhi ya leo ili kuja hapa Muheza, Tanga: wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na ninalirudia kwa sababu bado halijafanyika. Nchi yetu inahitaji tume ya wazalishaji wa miche, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge, inayoongozwa na wenye vitalu waliochaguliwa na wenzao, na inayogharimiwa kwa tozo ndogo tutakayojikata wenyewe katika mauzo yetu. Sizungumzii chama kingine cha hiari, wala idara nyingine ya wizara.

Sitawaeleza namna ya kujaza viriba, maana mnaijua kunishinda. Nataka tuanze na kikonyo, yaani kitawi chenye macho kinachokatwa kutoka mti mama ili kuunganishwa kwenye mche mwingine. Fundi wa kubebesha, yaani wa kuunganisha miche, huchukua mche wa limau, akachana ganda lake kwa umbo la herufi T, akachomeka jicho la mchungwa lililokatwa kutoka mti mama, akafunga kwa utepe wa nailoni, kisha akahamia mche unaofuata. Kila alichokuwa nacho yule mti mama, kizuri na kibaya, kimehamia kwenye kiriba. Ikiwa mti ule una ugonjwa ambao wataalamu huuita Huanglongbing, basi mteja amenunua mti ambao majani yake yatapata mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za mshipa mkuu, na matunda yake yatabaki madogo, yaliyopinda, ya kijani upande wa chini, yenye maji machungu. Dawa ya kuuponya mti huo haipo. Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba mti mama unaweza kukaa muda mrefu bila dalili yoyote, hivyo fundi mwenye kisu safi na moyo safi husambaza maradhi asiyoyaona. Kipimo cha uhakika ni cha vinasaba, hufanyika maabara, na mwenye kitalu cha miche elfu chache hawezi kukilipia mti kwa mti.

Wanaosema kwamba ninatisha watu naomba watazame Florida, Marekani. Mdudu mdogo mfyonza utomvu anayeeneza ugonjwa huo alionekana huko mwaka 1998, na moja ya njia zilizomsafirisha jimbo zima ilikuwa miche ya pambo iitwayo Murraya, ambayo ni ya jamii ya michungwa, iliyokuwa ikiuzwa katika maduka ya bustani. Mwaka 2005 ugonjwa wenyewe ukagunduliwa. Kuanzia 2007 vitalu vyote vya michungwa vya Florida vililazimishwa kuzalisha miche ndani ya mabanda yaliyofungwa, wadudu wasipite. Hatua ilikuwa sahihi, lakini ilikuja wakati mdudu amekwisha kuenea mashambani. Uzalishaji wa machungwa wa jimbo lile umeanguka kwa zaidi ya asilimia 90 ikilinganishwa na miaka ya kabla ya ugonjwa. Hawakukosa fedha wala vyuo vikuu. Walichelewa.

California nayo ilimpata mdudu huyo mwaka 2008, na mwaka 2012 ikapata mti wa kwanza mgonjwa, katika eneo la Los Angeles, uani kwa mtu: mti wa nyumbani uliokuwa umebebeshwa aina mbalimbali. Tafakarini hilo. Haukuwa katika shamba kubwa, na mwenyewe hakuwa mfanyabiashara.

Lakini sikuitaja California kwa sababu ya ugonjwa peke yake. Katika jimbo hilo wazalishaji wa miche ya miti ya matunda inayopukutisha majani, ya jamii za karanga za mitini na ya mizabibu hukatwa kwa mujibu wa sheria hadi asilimia 1 ya mauzo yao. Fedha hizo husimamiwa kwa ushauri wa bodi ya wenye vitalu wenyewe, chini ya idara ya kilimo ya jimbo, na sehemu yake huendesha kituo kilichoko katika Chuo Kikuu cha California, Davis, kilichoanza mwaka 1958, ambacho kazi yake ni kutunza miti mama iliyopimwa virusi. Mwenye kitalu hupata vikonyo kutoka kwenye chimbuko hilo, huanzisha shamba lake la miti mama, kisha huuza miche yenye cheti. Kwa hesabu zetu, mche ukiuzwa shilingi 3,000, asilimia 1 ni shilingi 30. Nani kati yetu atashindwa kulipa shilingi 30 ili amwambie mteja, kwa ushahidi, kwamba mche huu ni mzima?

Na msidhani kwamba tunao muda. Mwaka 2016 watafiti waliandika kwamba mdudu yule yule wa Florida, mwenye asili ya Asia, yupo Morogoro. Tulikuwa tumezoea mwenzake wa Kiafrika, anayependa nyanda za juu zenye ubaridi. Huyu mgeni anastahimili joto, na tambarare ya Muheza, yenye michungwa iliyokaribiana hivi, ni makazi anayoyataka.

Najua mtaniuliza: TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, si wapo, na mamlaka ya afya ya mimea si ipo? Wapo, na wafanye kazi yao ya kukagua na kuthibitisha. Lakini mkaguzi hawezi kuwa mtetezi wako wa soko, wala mtafiti wako, wala mwalimu wa fundi wako, na wala haifai awe hivyo, kwa sababu siku atakapolazimika kukufungia kitalu anapaswa kuwa huru kufanya hivyo.

Mtaniuliza tena kwa nini tusitumie chama cha hiari. Kwa sababu katika chama cha hiari anayelipa na asiyelipa hufaidika sawasawa, na mwaka wa tatu waaminifu huchoka. Ndiyo maana ninasisitiza sheria. Wenzetu wa kahawa wameonyesha kwamba linawezekana: taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyoko Lyamungo, ilianza kazi mwaka 2001 ikiongozwa na wadau wa zao, na makato ya kahawa yakawa sehemu ya fedha zake. Miche ya kahawa inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani imetoka huko.

Swali zito kuliko yote ni la fedha kuchukuliwa, na ninaliheshimu. Kwenye korosho, sheria iliagiza asilimia 65 ya ushuru wa mauzo ya nje iende kwenye kuliendeleza zao. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha ilibadilisha utaratibu huo, fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali, na wabunge wa kusini walipinga bila mafanikio. Kwa hiyo tozo yetu isiwe ushuru wa serikali hata siku moja. Iandikwe katika sheria kuwa ni mchango wa wanatasnia, iwekwe katika akaunti ya tume, ikaguliwe na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na kila baada ya miaka 5 wenye vitalu wapige kura ya kuiendeleza tume au kuivunja. Bila kifungu hicho cha kura, mimi mwenyewe nitaipinga.

Muda umekwisha na mwenyekiti ananitazama, kwa hiyo nitataja kwa ufupi tu. Kitalu kidogo cha kinamama wanaouza miche mia chache kisamehewe tozo lakini kipewe vikonyo safi. Viti vya tume vigawanywe kwa kanda, ili wa parachichi wa Njombe wasiwameze wa machungwa. Kuhusu miche ya misitu na maua nina mengi ya kusema, nayo yatasubiri.

Ninachoomba leo ni kimoja: kabla ya kutawanyika, chagueni watu wa kuandika mapendekezo haya na kuyapeleka kwa mbunge na kwa Kamati ya Bunge inayoshughulikia kilimo, na wachaguliwe miongoni mwa wanaobebesha kwa mikono yao.