Mizani Nane za Chai ya Rangi

Walimu wangu, wauguzi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaojiandaa kuingia wodini, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie sanaa na tiba. Mada ni pana mno. Shirika la Afya Duniani lilipoipitia mwaka 2019 lilikusanya tafiti zaidi ya 3,000. Mimi nitakaa kwenye kona moja ninayoijua: mtu aliyepigwa na kiharusi akapoteza usemi.

Babu mmoja aliletwa kwetu, upande wa kulia umelala. Kila asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo babu," ananitazama, midomo inahangaika, neno halitoki. Machozi yanamlenga. Kuelewa alikuwa anaelewa. Ukimwambia anyanyue mkono wa kushoto, anaunyanyua. Kwa mtu mzima wa pwani, kushindwa kuitikia shikamoo ni fedheha, na kwenye troli yangu sikuwa na dawa yake.

Siku moja mkewe alikuwa akimkanda mguu huku akiimba kaswida kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye kiitikio, babu akaitikia. Maneno kamili, sauti imetulia. Nilikuwa nimeshika beseni, nikaliweka chini.

Niliona muujiza, lakini jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alitamka "tan" tu. Alipokufa, ubongo wake ulikutwa umeharibika mbele, upande wa kushoto. Kabla yake, Uswidi ya karne ya 18, mwandishi Olof Dalin aliandika juu ya mtu aliyepoteza usemi lakini akaweza kuimba nyimbo za kanisani, mradi mtu amwanzishie. Uimbaji hautegemei upande wa kushoto wa ubongo peke yake. Ndipo mwaka 1973 wataalamu Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm wa Boston, Marekani, wakaligeuza hilo kuwa tiba: sentensi fupi inaimbwa kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto wa mgonjwa ukigongwa kwa kila silabi. Akishaimudu, mahadhi yanapunguzwa kidogo kidogo hadi yabaki maneno. Gabrielle Giffords, mbunge wa Marekani aliyepigwa risasi kichwani Januari 2011, naye alisaidiwa na nyimbo kurudisha usemi wake.

Sasa niwaambie kinachonifurahisha zaidi. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, na malenga wetu wamezihesabu kwa vidole karne na karne, wanaziita mizani. Mshororo wa mizani 16 hukatwa nane kwa nane. Hebu hesabuni pamoja nami: na-o-mba-cha-i-ya-ra-ngi. Nane! Haja ya mgonjwa ya kila asubuhi ni kipande kizima cha shairi. Anayejua kutunga ana chombo cha kazi wodini.

Tukafanya hivyo. Mkewe anaimba, mimi nimeushika mkono wa babu, tunagonga godoro. Kaswida yenyewe tuliiacha ibaki ya kumfariji, maana mtu anaweza kuiimba yote na bado asiweze kuomba maji. Wengi tunakosea hapo: tunaridhika na wimbo, hatuvuki kwenda kwenye sentensi anayoihitaji. Kazi ni ya kuchosha, ya wiki nyingi, maneno yale yale. Asubuhi moja nikamwamkia kama kawaida, bila wimbo. Babu akagonga godoro mara nne: ma-ra-ha-ba.

Si kila mgonjwa hufika hapo. Aliyepoteza uelewa wa maneno hanufaiki kama yule anayeelewa, na wataalamu bado wanabishana iwapo kinachosaidia zaidi ni mahadhi au mapigo. Mimi nasema tuyatumie yote mawili wakati wanabishana.

Jalada la mgonjwa lina nafasi ya umri, dini, anapoishi na nani alipe. Nawaomba muongeze mstari mmoja: alikuwa akiimba nini kabla hajaugua. Mwulizeni mkewe, mwulizeni mjukuu. Kisha vuteni kiti mkae upande wake wa kushoto, kwa sababu mkono mtakaougonga ni huo.