Namna ya Kukagua Mtungi wa Kuzamia Kabla ya Kuujaza Hewa

Karibu, mtazamaji. Mtungi huu uliolazwa mbele yangu ni wa alumini, wa aina inayotumika sana, wenye ujazo wa lita 11 hivi, na ukijazwa hadi bar 207 (bar ni kipimo cha mgandamizo) hubeba hewa ya zaidi ya lita 2,000. Nishati iliyobanwa humo, ikifunguka ghafla, ingetosha kulirusha gari la tani moja na nusu mita 30 hivi kwenda juu. Wazamiaji wengi huihofia bahari, ilhali mitungi inayopasuka hupasukia zaidi nchi kavu, kando ya kompresa, yaani mashine ya kubana hewa, wakati wa kujazwa. Anayekuwa karibu nayo ni fundi wa kujaza hewa, wala si mgeni aliyeikodi.

Anza kwa kusoma maandishi yaliyogongwa begani mwa mtungi, kabla hata hujaangalia geji. Nausogeza karibu na kamera ili uyaone. Kwa mitungi ya Marekani, alama 3AL ni ya alumini na 3AA ni ya chuma. Kisha hufuata mgandamizo unaoruhusiwa, pamoja na mwezi na mwaka wa kila jaribio. Kanuni za huko hutaka mtungi ujaribiwe kwa maji yenye mgandamizo mkubwa kila miaka 5, na desturi ya wazamiaji ni kuukagua ndani kwa macho kila mwaka.

Ikiwa ni wa alumini na ulitengenezwa kabla ya 1989, simama hapo. Mingi ya wakati huo iliundwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya 6351, ambayo ikibeba mgandamizo kwa miaka mingi huweza kupata nyufa shingoni, kwenye nyuzi za skrubu zinazoishika vali. Luxfer, mtengenezaji mkubwa wa mitungi hiyo nchini Marekani, aliihama mwaka 1988 na kutumia 6061. Ufa wa namna hiyo huwezi kuuona vali ikiwa bado imo shingoni, na jaribio la maji peke yake huweza kuupita, ndiyo maana nyuzi hizo hupimwa kwa kifaa maalumu cha umeme. Mimi mtungi wa aina hiyo siujazi, hata mwenyewe akiniapia kwamba haujawahi kumsumbua.

Sasa paka povu la sabuni kuzunguka shingo. Vipovu vikichomoza, acha kila kitu. Hakikisha pia vali ni ya mtungi huo, kwa sababu vali ya milimita 25 huweza kuingia katika shingo ya inchi robo tatu, ikaonekana imeshika, kisha ikafyatuka kama risasi mgandamizo unapopanda.

Pitisha kiganja mwilini mwa mtungi ukitafuta mahali palipobonyea, palipochimbika au palipovimba, na uvue buti la mpira lililo kitakoni mwake, kwani maji ya chumvi hujificha humo. Rangi mpya juu ya mtungi mkuukuu inahitaji maelezo: alumini iliyopata joto la zaidi ya nyuzi 177 za Selsiasi, iwe kwa moto au kwa tanuri la rangi, haifai tena. Mtungi wa chuma una hila nyingine, maana kutu ya ndani hula oksijeni ya hewa utakayoivuta.

Ukiridhika, jaza polepole, bar 20 hadi 40 kwa dakika, na usiuanike juani ukishajaa: bar 200 katika nyuzi 27 huwa 220 hivi katika nyuzi 57.

Usiporidhika, ufunge mtungi usibingirike, waondoe watu, kisha fungua vali kidogo kidogo hadi hewa iishe yote. Vali haifunguliwi shingoni kabla ya hapo. Mtungi ukiwa umevimba au umetoka motoni, usiuguse, ondokeni nyote na muite zimamoto. Mtungi mbovu uliokwisha kumwagwa hewa utoboe kabla ya kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu, asije mtu akaupaka rangi na kuurudisha kwenye kompresa.