Taya Lililooteshwa Mgongoni

Rehema: Karibu tena, msikilizaji. Leo tunazungumzia uso. Mtu aliyepoteza sehemu ya taya au mdomo kwa ajali, risasi, moto au saratani, sayansi ya kuotesha tishu, yaani nyama, ngozi na mifupa ya mwili, inaweza kumpa nini? Kaka Salim, tuanze na kile ambacho tayari kinafanyika hospitalini.

Salim: Asante, dada Rehema. Kinachofanyika zaidi ni kuhamisha. Daktari anachukua kipande cha ule mfupa mwembamba ulio upande wa nje wa mguu, chini ya goti, pamoja na mishipa yake ya damu. Anaukata vipande na kuvipanga vifuate umbo la taya, halafu anaiunga mishipa hiyo na ya shingoni huku akitazama kwa hadubini. David Hidalgo aliichapisha njia hii kwa taya la chini mwaka 1989, na hadi leo ndiyo inayotegemewa jeraha linapokuwa kubwa.

Rehema: Na mgonjwa anatembea?

Salim: Anatembea, maana mfupa mnene wa goko ndio unaobeba uzito, na huo hauguswi. Ila sasa ana majeraha mawili badala ya moja. Kisha kuna jambo ambalo watu hawaambiwi: ngozi ya mguu inayochukuliwa pamoja na mfupa, ikipelekwa kinywani, inabaki kuwa ngozi ya mguu. Haina unyevu wa utando wa kinywa, na wakati mwingine huota nywele humo humo ndani.

Rehema: Nywele kinywani! Mtu amenusurika na saratani, halafu anaishi na hilo kila anapokula.

Salim: Ndiyo maana naichukulia kazi hii kwa uzito mkubwa. Mwaka 1965 mtafiti Marshall Urist alichukua mfupa uliokwisha kuondolewa madini, akaupandikiza ndani ya misuli ya wanyama. Mfupa mpya ukaota mahali ambapo haukuwa na sababu ya kuwepo. Ikaja kujulikana kwamba ndani ya mfupa zimo protini zinazoziamuru seli za jirani zigeuke kuwa za mfupa. Ukiwa na amri hiyo, ukawa na seli, na ukawa na kiunzi cha kuzishika zikae katika umbo unalotaka, unaweza kuanza kujenga.

Rehema: Kuna mtu aliyewahi kujengewa taya kwa njia hiyo?

Salim: Yupo, na kisa chake nakipenda sana. Mjini Kiel, Ujerumani, kikosi cha daktari Patrick Warnke kilikuwa na mgonjwa ambaye saratani ilimpokonya sehemu kubwa ya taya la chini miaka kadhaa nyuma. Walipiga picha za kichwa chake, wakachora kwa kompyuta kipande kilichokosekana, wakatengeneza kizimba cha wavu wa titani chenye umbo hilo hilo. Ndani wakatia vipande vya madini ya mfupa, uboho wa mgonjwa mwenyewe, na protini ya kuotesha mfupa. Halafu hawakukipeleka usoni. Walikipanda mgongoni.

Rehema: Mgongoni kwa nini?

Salim: Kwa sababu ya damu. Ule msuli mpana wa mgongo ndio uliokuwa kitalu. Kwa wiki 7 mishipa ya damu iliingia kizimbani na mfupa ukaanza kuota, ndipo wakakihamisha chote pamoja na mishipa yake hadi kwenye taya. Ripoti ilitoka mwaka 2004. Baada ya hapo yule bwana alikula mkate na soseji, baada ya miaka mingi ya chakula laini. Alifariki mwaka mmoja na ushei baadaye, moyo uliposimama.

Rehema: Sasa miaka yote hii, mbona bado hatuioni kila mahali?

Salim: Damu tena. Seli ikikaa mbali na kapilari, ile mishipa myembamba kabisa ya damu, zaidi ya takriban milimita 0.2, inakosa oksijeni na kufa. Kuotesha tabaka jembamba maabara tunaweza. Kipande kinene kama taya kinafia katikati kabla mishipa haijakifikia. Ongeza kwamba kinywa hakipumziki: kina mate, kina bakteria, na kinatafuna. Na protini zenyewe si za kuchezea. Marekani iliruhusu mojawapo kwa upasuaji fulani wa taya mwaka 2007, na mwaka uliofuata wasimamizi wa dawa wakaonya kuhusu uvimbe hatari kwa wagonjwa waliowekewa kwenye uti wa shingo.

Rehema: Na huo utando wa ndani ya kinywa?

Salim: Huko pana matumaini zaidi, kwa kuwa ni mwembamba. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, kikosi cha Stephen Feinberg kilichukua kipande kidogo kutoka kinywani mwa mgonjwa, kikazikuza seli zake juu ya ngozi iliyotolewa msaada na mtu mwingine na kuondolewa seli zote, kikamrudishia. Unapata utando wa kinywa, kinywani. Mdomo wenyewe ni mgumu zaidi: una msuli wa mviringo, mishipa ya fahamu, na lazima ujue kufumba.

Rehema: Basi kwa nini wasipandikize uso wa mtu aliyefariki?

Salim: Imefanyika. Isabelle Dinoire alikuwa wa kwanza kupata sehemu ya uso, huko Amiens, Ufaransa, mwaka 2005. Alifariki mwaka 2016. Anayepandikizwa hivyo hunywa maisha yake yote dawa za kushusha kinga, na dawa hizo huongeza hatari ya maambukizi na saratani. Tishu iliyooteshwa kutokana na seli zako mwenyewe haihitaji dawa hizo, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuendelea na utafiti huu.

Rehema: Kuna msikilizaji anayeuguza ndugu yake. Ameona tangazo la sindano za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, eti zinarudisha taya, anauliza kama waahirishe upasuaji.

Salim: Wasiahirishe, tafadhali. Hakuna sindano inayorudisha taya lililokatwa. Jeraha likikaa wazi, makovu huvuta uso na kazi ya daktari inazidi kuwa ngumu. Huyo mwenye tangazo wamuulize utafiti wake umesajiliwa wapi, kamati gani ya maadili imeupitisha, na kwa nini anamtoza mgonjwa kwa kitu ambacho bado kinajaribiwa. Na wampeleke ndugu yao kwa daktari wa upasuaji wa kinywa na taya wiki hii.