Matanga Chini ya Bahari: Maisha na Mashairi ya Kaneko Misuzu

Ndugu wasikilizaji,

Naomba nianze na shairi moja fupi la Kijapani kuhusu siku ya kuvua samaki wengi. Ni alfajiri, mbingu imewiva wekundu, na mashua zimerejea zikiwa zimesheheni dagaa wakubwa. Pwani kuna shangwe kama ya sikukuu, lakini huko baharini, asema mshairi, makumi ya maelfu ya dagaa watakuwa wamekaa matanga. Shairi linaishia hapo. Mvuvi halaumiwi, wala mtoto hapewi somo. Macho yetu yamegeuzwa tu kutoka nchi kavu kwenda chini ya maji, na kwangu mimi kugeuza huko ndiko kipaji chake chote.

Mtunzi ni Kaneko Misuzu, aliyezaliwa mwaka 1903 huko Senzaki, mji wa wavuvi katika mkoa wa Yamaguchi, akapewa jina la Teru; Misuzu ni jina lake la uandishi. Huruma hiyo aliikuta nyumbani. Jirani na Senzaki, katika kijiji cha Kayoi, wawindaji wa nyangumi walijenga kaburi mwaka 1692 kwa ajili ya vijusi vilivyokutwa matumboni mwa nyangumi waliouawa. Misuzu aliitungia shairi ibada ya kuwaombea nyangumi hao: kengele ya hekalu inavuma juu ya maji, na mtoto wa nyangumi, peke yake, anawalilia wazazi wake.

Mwaka 1923, akifanya kazi katika duka la vitabu huko Shimonoseki, alianza kupeleka mashairi yake kwenye majarida ya watoto, na mshairi mashuhuri Saijō Yaso akamsifu waziwazi. Ndoa ikayakatiza hayo, kwani mumewe alimkataza kuandika, naye akaambukizwa maradhi na mume huyohuyo. Walipoachana, mume akataka kumchukua binti yao. Machi 1930 Misuzu alijiua, akiwa na miaka 26.

Mwaka 1966 mwanafunzi mmoja, Yazaki Setsuo, alilisoma shairi lile la dagaa, akaanza kumtafuta mtunzi wake. Alitafuta kwa miaka 16, hadi alipompata mdogo wake Misuzu, ambaye alikuwa bado ametunza madaftari matatu ya dada yake. Ndani yake mlikuwa na mashairi 512, mengi yakiwa hayajawahi kuchapishwa.