Acheni Nodi Zife

Ndugu zangu, narudia nililokwisha kulisema mara nyingi: nodi, yaani mashine inayobeba programu zenu, lazima ife, na ife kwa ratiba mliyoipanga nyinyi. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la mashine, mnaijua; Karpenter, chombo kinachoongeza na kuondoa mashine hizo, wengi wenu mnaitumia; sitarudi huko.

Tazameni jambo hili, maana nalikuta kila ninapoitwa kusaidia. Mtu ana huduma ya malipo yenye podi moja, yaani nakala moja tu ya programu inayoendeshwa kwenye nodi. Kasikia PodDisruptionBudget, kanuni inayoweka kikomo cha podi za kuondolewa kwa mpigo, hulinda huduma, basi kaandika minAvailable: 1. Podi ni moja, na lazima iwepo moja! Yaani hakuna ruhusa ya kuiondoa, abadan. Usipobadilisha chochote, Karpenter huipa nodi umri wa saa 720, siku 30. Siku inafika, nodi inafungwa isipokee kazi mpya, podi nyingine zinahama, ile moja inagoma. Ombi la kuiondoa linarudishwa na jibu la kukataa, 429, linapelekwa tena, linarudishwa tena. Mashine nzima imebaki pale na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya zamani, viraka vya usalama havijaingia, bili inasoma, kwa ajili ya podi moja.

Kuna atakayeniambia: “Ukiiondoa, malipo yanasimama.” Kweli, yatasimama. Lakini PodDisruptionBudget inazuia uondoaji wa hiari tu, yaani ule unaopangwa. Mashine ikiharibika saa nane usiku, haiulizi ruhusa ya mtu. Mashine za spot za AWS, zile za bei nafuu zinazoweza kuchukuliwa wakati wowote, zinakupa dakika 2 tu za kujiandaa. Huduma isiyohimili kuhamishwa saa nne asubuhi, nyote mkiwa kazini, usiku itahimili nini? Wekeni podi 3, zitawanyeni kwenye kanda (vituo vya data) tofauti, ruhusuni moja iondoke. Kisha wekeni terminationGracePeriod, kikomo cha muda wa kuihamisha nodi, kwenye NodePool, mipangilio ya kundi la nodi za Karpenter: muda ukiisha, nodi inazimwa hata kama podi imegoma. Mwenye kazi ya saa 6 aipe alama ya do-not-disrupt (usiisumbue), lakini terminationGracePeriod izidi saa 6, maana ukiisha hata alama hiyo haisikilizwi.

Muda umenibana, mengine nayapitia mbio. Kipanga-ratiba cha Kubernetes, kinachochagua podi iende nodi gani, hakiangalii podi inatumia nini, kinaangalia uliomba nini. Ukiomba CPU 2 ukatumia robo, nodi imejaa kwa hesabu huku imekaa bure. Pimeni kwanza. Na programu zenu zisikie SIGTERM, ishara ya kuziambia zijifunge. Kwa kawaida zina sekunde 30 tu za kumaliza.

Kesho mkifika ofisini, andikeni amri kubectl get pdb -A, inayoorodhesha PodDisruptionBudget zote, mtazame safu ya ALLOWED DISRUPTIONS, idadi ya podi zinazoruhusiwa kuondolewa. Penye 0 ilhali podi zote ni nzima, anzieni hapo. Haya, maswali.