Zibandueni Hizo Trei za Mayai

Shikamooni wakubwa. Vijana, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie kurekodi muziki kwenye chumba cha kupanga, na karatasi niliyopewa ina mambo sita. Nasema mapema kwamba la kwanza litakula muda, maana ndilo linalowamalizia vijana pesa.

Nani hapa amebandika trei za mayai ukutani ili zimeze mwangwi? Nyosheni mikono, sitamgombeza mtu. Haya, tazameni wenyewe. Karibu nusu ya ukumbi.

Wanangu, trei ya mayai ni karatasi. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Noti inayotetema mara 100 kwa sekunde, na mwanaume mwenye sauti nzito anaifikia bila shida, wimbi lake lina urefu wa karibu mita tatu na nusu. Karatasi ya milimita mbili italimeza vipi? Inachomeza ni sehemu ya sauti za juu tu, na nzito zinabaki zikizunguka chumbani. Ndiyo maana sauti zenu za kuimba zinatoka kama za mtu aliyejifunika shuka ndani ya pipa. Tena trei zinashika moto upesi, na nyinyi mmepitisha juu yake waya za taa. Hilo linanikosesha usingizi.

Kuna kijana mmoja aliniita kwake Sinza. Chumba cha mita tatu kwa tatu, vigae chini, jipsamu juu, dirisha la vioo la aluminiamu. Kuta zote nne trei, zimebandikwa kwa gundi. Akaniambia, "Mzee, wameniuzia maiki feki." Alikuwa ameweka akiba miezi mingi kuinunua, na macho yalimlenga machozi.

Sikuigusa maiki. Nilisimama katikati nikapiga kofi moja. Chumba kikajibu kwa ule mlio wa kutetemeka, trrr, kama springi ya kitanda. Nikamwambia aimbe akishuka polepole kwenye noti za chini. Kuna mahali sauti ilivimba ghafla, halafu ikapotea. Chumba cha mraba kina kasoro hiyo: urefu na upana vikilingana, kuta zote zinakuza noti zilezile. Kwa mita tatu ni mtetemo wa 57 kwa sekunde, kisha 114, na kuendelea. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua chumba kirefu chembamba. Dalali hatakwambia habari hiyo.

Tukalitoa godoro lake la sufi kitandani, tukalisimamisha. Wapi? Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaliweka nyuma ya maiki. Maiki ya kuimbia kwa kawaida inasikia mbele na kuupa mgongo ukuta ulio nyuma yake, kwa hiyo mwangwi mbaya unatoka nyuma ya mwimbaji. Godoro liwe nyuma yako wewe unayeimba! Kabati la nguo tukalifungua milango, nguo ziangalie maiki. Dada yake anauza mitumba, akatuletea mablanketi mawili mazito, tukayatundika kwenye kona. Akarekodi mstari uleule kwa maiki ileile. Aliposikiliza alikaa kimya kitambo, kisha akauliza kama inawezekana kurudia wimbo mzima usiku huohuo.

Hapo godoro lilikuwa dawa ya dharura. Dawa ya kudumu ni fremu za mbao, urefu wa mita moja na ushee, kina cha sentimita kumi hadi kumi na tano. Unazishindilia taulo na jinzi kuukuu za mitumba, unazifunika kitenge chepesi, unaziegemeza sentimita kumi mbali na ukuta. Ile nafasi ya hewa nyuma inakuongezea kazi bila gharama. Hakuna msumari, hakuna gundi, na siku ya kuhama unaondoka nazo. Yule kijana alipobandua trei rangi ilitoka nazo, na ukuta ilibidi aupake upya kwa pesa yake.

Najua swali linalokuja: "Na jirani je?" Jamani, kumeza mwangwi na kuzuia sauti isitoke ni kazi mbili tofauti! Kuzuia kunataka uzito na kuziba kila tundu. Huwezi kujenga ukuta wa pili kwenye nyumba ya mtu. Na nyumba zetu nyingi za vyumba, ukuta wa kugawa haufiki kwenye bati. Sauti inapanda, inashuka kwa jirani. Ziba chini ya mlango, chagua saa, usiku tumia hedifoni. Na kazungumze na mwenye nyumba kabla hujaanza, usingoje akuite.

Mwingine ataniambia wazee wetu walirekodi bila mambo haya. Siti binti Saad mwaka 1928 alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Safari yote ile kufuata mahali pa kurekodia! Wewe mahali unapo, hatua mbili kutoka kitandani, halafu unakataa kusimamisha godoro?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nitayapitia mbiombio. Chumba kikiwa bado kibaya, maiki ya dainamiki, ile ngumu ya jukwaani, itakusamehe kuliko kondensa, ile ya studio inayonasa kila kitu. Imba kwa umbali wa shubiri moja. Ukisogea nusu ya umbali, sauti yako inapanda desibeli 6, ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti, na mwangwi unabaki palepale. Zima feni wakati wa kuimba, jasho litakauka. Mvua ikianza kupiga bati, subiri iishe, hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Hifadhi kazi kila baada ya kipande, umeme hauagi. Suala la spika nitaliacha, linataka siku yake.

Wewe kijana wa mstari wa nyuma, uliyenyoosha mkono wa kwanza. Chumba chako kina urefu gani na upana gani? Na kitanda umekiweka upande upi?