Mbona Chávez, na alipigwa mara 6?

Habarini za huko nyumbani, ndugu zangu. Hii video nimeiahirisha sana. Kila nikiwaonyesha mtaa wetu hapa Los Angeles, mnaiona ile picha ukutani kwa kinyozi, bondia mwenye kitambaa chekundu kichwani, na maoni yanakuja yale yale: "Kaka, huyo Julio César Chávez si alipigwa mara 6? Floyd Mayweather wa Marekani kamaliza mapambano 50 bila kupoteza. Unamtukuza wa nini?" Wengine mnasema nimeanza kujifanya Mmeksiko. Sijifanyi. Naishi Boyle Heights, majirani ni Wameksiko, wenzangu kazini ni Wameksiko, na wakati wa chakula stori ni ngumi.

Tuanze na hizo hesabu zenu. Chávez kashinda 107, kapoteza 6, sare 2. Kipigo cha kwanza alikipata Januari 1994 kwa Frankie Randall, wakati huo ameshapanda ulingoni mara 90: ushindi 89, sare moja. Wangapi wamefika huko? Na nyie wa Mayweather, baba yake mdogo Floyd, yaani Roger, alikutana na Chávez mara 2. Mwaka 1985 alimalizwa raundi ya pili. Mwaka 1989, baada ya raundi ya 10, akabaki amekaa kwenye kona yake, hakutoka tena.

Lakini kama huna muda, acha yote hayo, tafuta pambano la Meldrick Taylor, Las Vegas, Machi 17, 1990. Taylor ana dhahabu ya Olimpiki ya 1984, hajawahi kupoteza, na mikono yake ina kasi ya ajabu. Kwa majaji wawili kati ya watatu alikuwa mbele kwa pointi, mmoja 107 kwa 102, mwingine 108 kwa 101. Maana yake raundi ya 12, ya mwisho, ilikuwa moja kwa Chávez: ammalize kabisa, la sivyo mikanda inaondoka. Sasa msiangalie pointi, angalieni uso wa Taylor. Umevimba, mdomo unatoka damu na nyingine anaimeza. Anarusha ngumi tano, sita, Chávez anarudisha moja, ila hiyo moja inakaa. Amemkata hivyo usiku mzima, taratibu, bila papara. Zikiwa zimebaki sekunde kama 17, mkono wa kulia unaingia na Taylor yuko chini kwenye kona. Anainuka kwa kushika kamba. Mwamuzi Richard Steele anamuuliza mara mbili kama yuko sawa, Taylor anageuza macho pembeni, hajibu. Steele anasimamisha. Zilibaki sekunde 2.

Watu wanagombana juu ya hilo mpaka leo, hata kazini kwetu. Mimi niko na Steele. Mtu aliyeulizwa na hajibu, humrudishi kupigwa. Sisi wa Afrika Mashariki hatupaswi hata kubishana, maana Robert Wangila, Mkenya aliyeleta dhahabu ya Seoul 1988, alifia huko huko Las Vegas mwaka 1994 baada ya pambano.

Uwanja wa Azteca, ule mkubwa wa mpira Mexico City, mnaujua: Chávez alipigana pale 1993, watu zaidi ya 130,000, na Greg Haugen aliyesema Chávez amezoea kupiga madereva teksi wa Tijuana, mji wa Meksiko, akaishia raundi ya 5.

Linaloniudhi ni swali la pesa. "Alilipwa mamilioni, mbona alipigana mpaka miaka 43?" Jamani, mnahesabu mfuko wa mtu kwa kilichotangazwa! Na mimi mnanifanyia hivyo hivyo. Mnachukua mshahara wa saa, mnazidisha kwa shilingi, mnapata tajiri. Kodi hamjatoa, pango hamjatoa, bima hamjatoa. Mwaka jana kibali changu cha kazi kilichelewa, wakili niliyemlipa ajaze fomu akawa hapokei simu, kazini wakanisimamisha mpaka karatasi itoke, na wiki hiyo hiyo naulizwa nyumbani kwa nini mchango wa harusi haujafika. Silalamiki, na wala sijisifu kwamba nina kibali. Naomba tu mjue kinachokatwa katikati.

Chávez alikulia Culiacán, familia kubwa imebanana kwenye behewa kuukuu la treni, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli. Halafu umaarufu, halafu pombe na kokeini, miaka mingi. Yeye mwenyewe anayasema hadharani. Akatibiwa, akaacha, akafungua vituo vya kuwatibu waraibu kule Meksiko. Ukimpima mtu kama huyu kwa vipigo vya mwishoni, De La Hoya wa 1996 na wa 1998 wakati mwili umeshachoka, kwa kweli unamwonea.

Vijana wa ngumi mnaouliza njia ya kuja huku: sina. Mimi sikuja kwa ngumi, na iliyonifaa mimi inaweza kukupoteza wewe. Tafuta bondia wa nyumbani aliyewahi kupigana nje, muulize alilipwa kiasi gani baada ya makato, na promota akikuletea mkataba wa Kiingereza usiouelewa, usisaini siku hiyo. Mpe mtu anayeelewa ausome kwanza, hata kama promota ananuna.